Vifaru saba katika moto wa vyungu: Mfinyanzi wa Malaba aliyekataa kuchagua

Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026. Asubuhi hii ukungu umelala juu ya mto Malaba hata malori ya ng'ambo yanasikika bila kuonekana. Umande ni mzito, jua bado jekundu, na hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Kwa mfinyanzi, hakuna habari njema kuliko hiyo ya mwisho.

Saa moja na nusu, Roselida Asio amepiga magoti kando ya shimo la majivu, mikono imepakaa udongo hadi kwenye viwiko. Anapanga vyungu kifudifudi juu ya kuni, kimoja kimoja, kama mtu anayelaza watoto. Katikati ya vyungu ameacha nafasi yenye upana wa ungo.

Katika nafasi hiyo anaweka kifaru. Kisha kingine. Kisha cha tatu, chenye mzinga mrefu kama kidole cha shahada.

Wanawake kumi wamesimama chini ya upenu wa kibanda, mikono kifuani. Hakuna anayemsaidia. Hivyo ndivyo ilivyokubaliwa.

"Mama Amoit, bado unaweza kuacha," anasema Emmaculate Mugeni, mwenyekiti wa kikundi chao cha ufinyanzi. "Toa hizo vitu zako hapo, tuchome nyungu kama watu wengine."

"Niache nimalize kupanga, mwenyekiti," anajibu Asio bila kuinua kichwa. "Ukinisemesha nitahesabu vibaya, halafu mseme ni kifaru."

Mmoja wa wanawake anacheka, kisha anafunika mdomo.

Asio, mwenye umri wa miaka 49, ni mama wa watoto wanne, Amoit akiwa wa kwanza. Anaishi na mumewe, Ekwaro, mkulima wa mihogo na mfugaji, umbali wa kilomita nne kutoka mpaka wa Kenya na Uganda. Amefinyanga tangu alipokuwa msichana. Ila kwa miaka miwili sasa, mbali na vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, anafinyanga vifaru vya vita: vile ambavyo, kwa maelezo yake, vilibadilisha namna wanadamu wanavyopigana.

Leo vifaru hivyo vinaweza kumtoa kazini.

Masharti yalisomwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya wanachama wote kumi na mmoja. Asio atachoma vifaru vyake saba pamoja na vyungu vyake mwenyewe kumi na vinne. Hata chungu kimoja kikivunjwa na kifaru, achague: aache vifaru, au aondoke kwenye moto wa kikundi. Vyungu vyote vikitoka vizima, vifaru vitapata nafasi kwenye moto wa pamoja kila baada ya wiki mbili.

Asiyeijua kazi hii anaweza kuuliza moto ni nini hata mtu augombanie. Lakini shimo la udongo ni la kikundi. Kuni zinakatwa kwa zamu. Kibanda cha kuuzia kando ya barabara, pale malori yanaposubiri kuvuka, kodi yake inalipwa na wote. Mwanamke anayechoma peke yake humaliza kuni za mwezi kwa vyungu ishirini, navyo hutoka na mabaka. Anayetolewa kwenye moto ametolewa kwenye kazi.

"Waliniambia nichague," anasema Asio. "Nikawauliza, ninyi mkiambiwa mchague kati ya mkono wa kulia na wa kushoto, mtachagua? Mimi sichagui. Nataka yote."

* * *

Kifaru cha kwanza alikiona akiwa na miaka kumi, na hakujua ni nini.

Alikuwa amepelekwa ng'ambo, upande wa Tororo, amlelee shangazi yake mtoto. Kando ya shamba la shangazi kulikuwa na dude la chuma lililoota kutu, minyororo imezama ardhini, mzinga umeinama kama shingo ya ng'ombe anayekunywa maji. Watoto walilipanda. Kuku walitagia ndani. Shangazi alianika ufuta mgongoni mwake kwa sababu chuma kilishika joto na ufuta ukakauka upesi.

"Kulikuwa na magurudumu matano upande mmoja," anakumbuka. "Yale manne yalibanana, lakini la kwanza na la pili yalikuwa na pengo. Hapo ndipo nilikuwa naweka mguu nikipanda. Mguu wangu ulienea kabisa, kama vile walipima."

Alimuuliza shangazi lile ni kitu gani.

"Akasema ni chuma. Nikamuuliza nani alikileta. Akasema mtoto wa kike haulizi mambo ya vita, fukuza kuku."

Alifukuza kuku. Swali halikufukuzika.

Shule aliiacha darasa la pili, ada na vitabu vilipowashinda wazazi. Alijua kuandika jina lake na kusoma tarakimu, basi. Miaka ikapita, akaolewa, akazaa, akafinyanga. Alipofikisha miaka 45 alijiandikisha katika darasa la watu wazima linalofundishwa jioni, siku tatu kwa wiki, katika ukumbi wa kanisa mjini Malaba.

Kejeli hazikuchelewa. Jirani mmoja alimsimamisha njiani, begi la vitabu likiwa begani, akamtupia methali: udongo uwahi ungali maji, wewe umeshakauka.

"Nilimwambia, kaka, wewe unasema udongo kwa mdomo tu, mimi nauishi. Udongo uliokauka unatwangwa, unalowekwa, unafinyangwa upya. Unaoshindikana ni ule uliopita kwenye moto. Na mimi sijachomwa bado."

Mwalimu wake, Derrick Okwara, anasema Asio ndiye mwanafunzi pekee aliyeomba dua kabla ya kufungua kitabu na baada ya kukifunga. "Mwanzoni wengine walimcheka," anasema. "Baadaye wakawa wanamngoja amalize, kisha wanasema amina."

Siku iliyogeuza mambo ilikuja ikinuka samaki. Alinunua omena wa Sio Port sokoni, wakafungiwa katika ukurasa wa kitabu kikuukuu cha Kiswahili. Alipofika nyumbani akawamwaga omena kwenye sufuria, akaunyoosha ukurasa juu ya goti. Juu kabisa palikuwa na maneno matatu: Vifaru vilivyobadilisha vita.

Ilimchukua siku tisa kuumaliza. Neno likimshinda, aliliwekea alama ya mkaa akampelekea mwalimu.

"Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichosoma mwanzo hadi mwisho bila mtu kunishika mkono," anasema. "Kilinuka omena, lakini kilikuwa changu."

Mwisho wenyewe haukuwa mwisho. Ukurasa ulieleza vifaru sita. Cha saba kilikuwa chini, na hapo karatasi ilichanika, ikabaki nusu ya chini ya picha: minyororo na magurudumu matano. Kati ya la kwanza na la pili palikuwa na pengo.

"Nilikaa chini," anasema. "Nikamwita mume wangu. Nikamwambia, Ekwaro, hiki nimekikanyaga."

* * *

Sasa vifaru vyote saba vimo katika nafasi yake. Asio anavigusa kimoja kimoja kabla ya kuvifunika kwa nyasi, na ukimuuliza anakueleza, wala hataki kuharakishwa.

Cha kwanza kina umbo la mshazari, minyororo imekizunguka mwili mzima. Ni Mark I cha Waingereza, kilichoingia vitani huko Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916. Kilikwenda polepole kama mtu aendaye sokoni na mzigo kichwani, na vingi viliharibika kabla ya kumfikia adui. Ili siri isivuje, wafanyakazi waliokitengeneza waliambiwa ni tangi la maji.

"Wazungu wakaficha silaha nyuma ya mtungi," anasema huku akicheka. "Sasa mimi mwenye mitungi wananiambia silaha hainihusu!"

Kinachofuata ni kidogo, cha Wafaransa, Renault FT. Kilibeba askari wawili tu. Lakini kichwa chake kilizunguka pande zote, na injini ilikaa nyuma, na karibu kila kifaru kilichokuja baadaye kiliiga mpangilio huo. Asio anakipenda kwa sababu ya udogo wake.

Anachokaa nacho muda mrefu zaidi ni cha tatu, T-34 cha Warusi. Anakiinua tena kutoka kwenye nyasi aonyeshe mbavu zake zilizoinama.

"Kitabu kilisema wataalamu walishangaa, chuma kimelazwa mshazari badala ya kusimama wima, na risasi inateleza. Mimi sikushangaa. Ukuta wa wima ukigongwa unapasuka. Bega la mtungi limeinama kwa nini? Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijaota meno ya utu uzima. Nikasema, kumbe hawa watu wa Urusi walikuwa na mfinyanzi mahali."

Kuna Sherman cha Wamarekani, kilichotengenezwa karibu elfu hamsini, kilicho rahisi kukarabati. Kuna Centurion cha Waingereza, kilichochelewa vita vikuu lakini kikadumu miongo mingi. Kimoja kiliwekwa karibu na mlipuko wa bomu la nyuklia huko Australia mwaka 1953, na baadaye kikawashwa na kuendeshwa. "Huyo ametoka motoni mzima," anasema. "Huyo ni wa kuombea."

Na kuna Tiger cha Wajerumani, kizito, kinene, chenye kutisha. Asio amekifinyanga kuta nene kuliko vyote ili kifanane na maelezo. Kuhusu hiki haongei sana leo. Anakigeuzageuza, anakinusa kama mtu anusaye nyama, kisha anakirudisha.

Cha saba ni kile chenye pengo. Jina lake alilipata kwa dereva wa lori, Omuse, anayesafirisha shehena kati ya Mombasa na Kampala. Alipoonyeshwa kile kipande cha karatasi akatafuta kwenye simu yake hadi akakuta picha nzima: T-55 cha Warusi, cha jamii iliyotengenezwa kwa wingi kuliko vifaru vyote duniani. Omuse akamwomba Asio amfinyangie kimoja akiweke mbele ya usukani. Hicho ndicho kilichouzwa kwanza, kwa shilingi 600. Chungu cha kupikia huuzwa 250.

Leo lori la Omuse limekwama kwenye foleni, naye amekuja kushuhudia akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mama Vifaru," anaita, "hiyo yangu ya saba umeipatia mlango?"

"Zote ziko na mlango, boss. Kunywa chai yako."

Swali hilo la mlango si mzaha. Ndilo lililowaleta wote hapa.

Minyororo ya vifaru Asio haichongi kwa kisu. Anasokota kamba ya nyasi na kuiviringisha juu ya udongo mbichi, nayo inaacha alama za mistari iliyokatikakatika. Ni kamba ileile ambayo mama yake na bibi yake waliviringisha kwenye shingo za mitungi. Mzinga anaufinyanga kuzunguka bua la nyasi. Motoni bua huungua na kuacha tundu. Kila kitu alikitoa katika kazi anayoijua. Na kazi anayoijua ndiyo iliyomponza.

* * *

Tarehe 4 Desemba mwaka jana, Asio aliweka vifaru viwili kwenye moto wa pamoja. Hakuna aliyekataa. Baadhi walitania kwamba sasa wana jeshi lao.

Nusu saa baada ya moto kuwashwa, ukasikika mlio kama wa bunduki. Kisha wa pili. Vigae vilirushwa hadi kwenye paa la kibanda. Mama mmoja alilala kifudifudi, mwingine alikimbia hadi mtoni bila viatu. Majivu yalipopoa, vyungu na mitungi 23 ilikuwa vipande, pamoja na mitungi iliyoagizwa na shule moja karibu na Kocholia.

Tisa kati ya hiyo ilikuwa ya Emmaculate Mugeni.

Mwenyekiti huyo, mwenye miaka 61, si mtu wa chuki. Alizaliwa Budalang'i, na aliondoka huko baada ya mafuriko kuchukua nyumba yake, akahamia kwa jamaa huku kaskazini na kuanza upya kwa kufinyanga.

"Maji ya Nzoia ilinitoa kwangu mara tatu," anasema. "Mara tatu nimeona vitu vyangu vikienda nikiangalia. Sitatolewa mara ya nne na kifaru. Mwambie Mama Amoit nampenda, lakini nyungu zangu nazipenda pia."

Wengine walisema maneno mazito zaidi: kwamba ni laana kwa mikono iliyozaa kufinyanga silaha, kwamba moto umekasirika.

Asio hakubishana siku ile. Alirudi nyumbani, akapiga magoti, akalia. Kesho yake akaanza kufinyanga vyungu 23 vya kulipa. Vilimchukua wiki saba, akavigawa nyumba kwa nyumba. Wote walivipokea. Lakini vifaru vilikuwa vimepigwa marufuku tangu siku ya mlipuko, na marufuku hiyo ikabaki palepale.

"Vyungu nilivilipa kwa sababu nilivivunja," anasema. "Lakini akili yangu haikuwa sehemu ya deni."

Kilichomsumbua ni kutojua sababu. Alimuuliza mwalimu, mwalimu hakujua. Aliwauliza wazee wa kazi, wakarudi kwenye laana. Jumamosi moja, baada ya sala ya asubuhi, aliutoa tena ule ukurasa uliofungiwa omena, akausoma polepole akiweka kidole chini ya kila neno. Katika habari za Sherman alikutana na sentensi ambayo alikuwa ameipita mara nyingi: kwamba kifaru kina mlango wa juu ili waliomo waweze kutoka kinaposhika moto.

Alikwenda akachukua kifaru kibichi kilichokuwa kivulini. Kilikuwa na mlango, ndiyo. Alikuwa ameuchora kwa mwiba.

"Nilichora mlango, sikuufungua," anasema, na hata leo anatikisa kichwa. "Nilikuwa nimefungia hewa na unyevu ndani, halafu nikawasha moto nje. Vingefanyaje? Hata mimi ungenifungia hivyo ningepasuka."

Kwa nini mfinyanzi wa miaka zaidi ya thelathini afanye kosa kama hilo? Anajibu haraka, maana ameliwaza mno. Chungu kina mdomo. Mtungi una mdomo. Chetezo, kaango, sufuria ya udongo, vyote viko wazi. Tangu bibi wa bibi zao, hakuna mwanamke wa kikundi hiki aliyewahi kufinyanga kitu kisicho na mdomo. Hakuna aliyemfundisha kuacha upenyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuuhitaji.

Alifungua milango ya vifaru vitatu vidogo, akavichoma peke yake nyuma ya zizi. Vilitoka vizima. Ekwaro, ambaye hadi hapo alikuwa amekaa kimya katika ugomvi huu, alikichukua kimoja, akachungulia ndani kwa mlango wa juu, akasema, "Basi nenda ukawaambie."

Alikwenda akawaambia. Hawakuamini. Emmaculate alisema kifaru cha nyuma ya zizi ni shahidi asiye na mashahidi. Ndipo yakasomwa yale masharti.

* * *

Kikundi hiki kina desturi. Kabla ya moto kuwashwa, mwenye kinyongo hukitamka mbele ya wote. Na baada ya moto, mwenye ahadi huitamka majivu yakiwa bado ya moto. Wanasema chungu husikia, na chungu kilichosikia jambo nusu hutoka nusu.

Emmaculate anasogea hadi ukingoni mwa shimo.

"Mimi niko na kinyongo," anasema. "Mama Amoit, ulileta kitu usiyoijua kwa moto yetu. Hukuuliza."

Ng'ambo, lori linapiga honi ndani ya ukungu.

"Ni kweli," Asio anasema. "Sikuuliza. Na mimi niko na changu, mwenyekiti. Nilipojua, nilikuja kuwaambia, mkakataa kusikia. Tangu nikiwa mtoto naambiwa nisiulize. Nimechoka nayo."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Omba basi."

Asio anainamisha kichwa. Dua yake ni fupi: anamshukuru Mungu kwa udongo, kwa kuni, kwa kutokuwepo upepo, na kwa macho ya kusoma aliyopewa akiwa mtu mzima. "Yaliyofungwa uyafungue," anamaliza. Wanawake wanaitikia amina, hata wale waliokunja mikono.

Anawasha.

Moshi mweupe unapanda wima kama uzi. Nyasi zinatoa mvuke, kisha samadi inashika, kisha kuni. Dakika ishirini. Dakika thelathini. Mwalimu Okwara, aliyefika na baiskeli, anaangalia saa yake kila mara. Omuse ameishikilia chai iliyokwisha kupoa.

Mnamo dakika ya arobaini unasikika mlio. Si mlipuko. Ni tak moja, kavu, kama ganda la njugu.

Mama aliyekimbilia mtoni mwezi Desemba anavua viatu polepole, tayari.

"Mama Vifaru," Omuse ananong'ona, "hiyo ni nini?"

"Sijui," anasema Asio. Midomo yake inaendelea kwenda, lakini sasa haongei na mtu aliye pale.

Saa tano na robo, moto umelala. Kwa miti mibichi anaanza kutoa vyungu na kuvisogeza kwenye nyasi kavu. Mwenyekiti anavipokea. Vinapopoa kiasi cha kugusika anagonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hukohoa.

Cha kwanza kinalia. Cha pili. Cha tano. Cha tisa kina baka jeusi, lakini kinalia. Wanawake wameanza kuhesabu kwa sauti bila kujijua, na kikundi kilichokuwa kimesimama mbali kimejikuta ukingoni mwa shimo.

Cha kumi na nne kinalia.

Mtu anapiga kigelegele, anakikatiza katikati, anamwangalia mwenyekiti. Emmaculate ananyoosha mkono kuashiria: vifaru.

Sita vinatoka vyekundu, vizuri, milango wazi. Cha mwisho kutoka ni Tiger. Ufa umekipasua kutoka kwenye kichwa hadi kwenye minyororo. Ndicho kilicholia tak. Kimepasuka palepale kilipokaa, hakikugusa jirani hata mmoja.

Omuse ndiye anayevunjika mbavu kwanza. "Hiyo hata kwa wenyewe iliwasumbua! Ilikuwa inakwama kila mahali!"

Emmaculate anakiokota kipande, anachungulia unene wake. "Hii kuta ni nene mno. Ndani haikukauka. Hata msichana aliyejifunza wiki mbili anajua."

"Kitabu kinasema kilikuwa kinene," anasema Asio.

"Kitabu haijui udongo yetu."

Safari hii wanacheka wote, na Asio anacheka kuliko wote, akijifuta machozi kwa mgongo wa mkono, majivu yakimchora shavuni.

Ana mpango, na hauhusu soko peke yake. Tarehe 8 Septemba, siku ya kisomo, darasa lake litakuwa na maonyesho mjini. Alishauriwa aonyeshe sabuni au ushonaji kama akina mama wengine. Amekataa. Ataweka meza, atapanga vifaru saba kuanzia 1916, na atasoma mwenyewe habari ya kila kimoja, ikiwa pamoja na ile ya saba ambayo ameiandika kwa mkono wake kwa sababu karatasi ilichanika.

"Wakiniuliza mwanamke anajua nini kuhusu vita, nitawaambia mwanamke ndiye anayebaki na chuma shambani vita vikiisha," anasema. "Sisi ndio tulianika ufuta juu yake. Angalau tuambiwe ni nini."

Kabla watu hawajatawanyika, Emmaculate Mugeni anachukua T-55 kwa ncha za vidole, maana bado kina moto. Anakigeuza ubavu. Anapitisha kidole kwenye pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili.

"Hapa ndipo ulikuwa unaweka mguu?"

"Hapo hapo."

Mwenyekiti anakirudisha kifaru kwenye nyasi, taratibu, kando ya chungu, karibu hadi vigusane.

"Sharti ni sharti," anasema. "Nyungu zote ziko sawa. Nafasi umepata. Lakini majivu bado iko moto, Mama Amoit. Sema ahadi yako, na useme kwa sauti. Hata wale wa ng'ambo wasikie."

Asio anasimama. Magoti yake yana udongo, mkononi ana nusu ya Tiger. Mbele yake kuna wanawake kumi, mwalimu na baiskeli yake, dereva na kikombe chake.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," anasema, na sauti yake inavuka mto. "Sitaleta tena kwenye moto huu kitu nisichokijua bila kuuliza. Kila kifaru changu kitakuwa na mlango wazi. Siku kikivunja chungu cha mtu, nitafinyanga cha huyo mtu kabla sijagusa changu. Lakini kuacha, siachi. Na hiki kilichopasuka, njooni kesho asubuhi mnione nikikianza upya."